Sauti Inayobadilika na Tarehe ya Msikilizaji: Upokezi wa Muziki wa Kamaru Wawili na Funzo Lake kwa Hifadhi za Sauti za Rwanda

Ikisiri

Makala hii inachunguza jinsi wasikilizaji wanavyoupokea muziki wa msanii ambaye sauti yake inabadilika. Mfano mkuu ni Joseph Kamaru wa Nairobi, mtunzi wa muziki wa kielektroniki wa ambienti anayefahamika kwa jina la KMRU. Muziki wake unalinganishwa na wa babu yake, mwimbaji Joseph Kamaru, ambaye naye aliwahi kuibadili sauti yake mbele ya wapenzi wake. Hoja ya makala ni kwamba mpangilio wa utunzi na mpangilio wa usikilizaji ni vitu viwili tofauti. Kwa hiyo msikilizaji anayelalamika kwamba msanii amebadilika hutueleza pia siku aliyoanza kusikiliza. Hoja hiyo inatumiwa kutafakari rekodi za muziki wa Rwanda zilizorejeshwa Kigali kwa nakala za kidijitali kutoka Ubelgiji, na kupendekeza namna ya kuzifungulia umma.

1. Utangulizi

Katika Kinyarwanda kitenzi kumva hubeba mzigo ambao Kiswahili kimeugawa mara tatu: kusikia, kuhisi na kuelewa. Anayetaka kueleza usikilizaji wa makusudi husema gutega amatwi, kama vile Mswahili anavyosema kutega sikio. Lugha hizi mbili zinaliona sikio kuwa ni mtego unaowekwa na mtu mwenye subira. Kinachonaswa hutegemea aliyetega, mahali alipotega na saa aliyotega.

Licha ya hekima hiyo ya lugha zetu, historia ya muziki wa Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa kumfuata mwimbaji. Tunajua nani alitunga, alirekodi wapi, na serikali gani ilimkasirikia. Aliyesikiliza huwa anatajwa kwa jumla kama “mashabiki” au “umma”, kana kwamba umma una sikio moja lisilozeeka.

Mjini Kigali upungufu huo hauwezi kuchukuliwa kuwa suala dogo la kitaaluma. Mwaka 2008 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa ikiketi Arusha, ilimtia hatiani mwanamuziki Simon Bikindi na kumhukumu kifungo cha miaka 15. Hatia hiyo ilitokana na maneno ya uchochezi aliyoyatamka kwa kipaza sauti barabarani mwezi Juni 1994, wala haikutokana na kutunga nyimbo zake. Hata hivyo, mahakama ilitumia muda mwingi kuzichambua nyimbo hizo: zilitungwa lini, zilimaanisha nini zilipotungwa, na zilisikikaje zilipopigwa na redio ya RTLM katika miezi ya mauaji. Majaji walilazimika kuuliza swali ambalo wanahistoria wa muziki hulikwepa. Wimbo uliotungwa mwaka mmoja na kusikika katika mwaka mwingine, chini ya hofu nyingine, ni wimbo uleule?

Katika nyimbo zenye maneno, swali hilo lina pa kushika. Makala hii inalipeleka mahali pagumu zaidi, yaani kwenye muziki usio na maneno kabisa. Muziki wa ambienti ni muziki wa kielektroniki ambao kwa kawaida hauna mashairi, hauna ngoma ya kuchezea, na hutanda polepole kama hewa ya chumba. Jina hilo lilienezwa na Mwingereza Brian Eno kwa albamu yake ya mwaka 1978 iliyokusudiwa viwanja vya ndege. Kwa kuwa muziki huu hausemi, sehemu kubwa ya maana yake huletwa na msikilizaji mwenyewe.

Uchambuzi unaongozwa na Nadharia ya Upokezi, hasa dhana ya upeo wa matarajio iliyoasisiwa na Hans Robert Jauss katika mhadhara wake wa mwaka 1967. Kwa mujibu wa Jauss, msomaji huiendea kazi mpya akiwa na matarajio yaliyojengwa na kazi alizokwisha kuzisoma, na historia ya kazi hiyo ni historia ya matarajio hayo yakitimizwa au yakivunjwa. Hapa dhana hiyo inahamishwa kutoka kwa msomaji hadi kwa msikilizaji. Ushahidi unaotumika ni alama ambazo upokezi umeziacha hadharani: nani alichapisha kazi gani na lini, kazi zipi zilichapishwa upya, na ushirikiano gani ulifuata.

2. Kamaru mkubwa: mwaka 1993 kama mpaka

Joseph Kamaru wa kwanza alizaliwa mwaka 1939 huko Kangema, Murang'a, na akafariki Oktoba 2018. Kwa zaidi ya miongo miwili alikuwa sauti kubwa ya muziki wa Kikuyu. Wimbo wake kuhusu mwalimu na msichana, wa miaka ya 1960, uliwakasirisha walimu wa Kenya. Wimbo wake wa maombolezo ya mwanasiasa J. M. Kariuki, aliyeuawa Machi 1975, ulimweka katika macho ya dola. Msikilizaji wa enzi hiyo alikuja kwake akitarajia mambo mawili: gita, na neno linalochoma.

Mwaka 1993 Kamaru alitangaza kwamba ameokoka, akaachana na nyimbo za kidunia na kuingia katika nyimbo za Injili. Wengi waliomfuata kwa miaka mingi hawakuvuka naye. Mabadiliko hayo kwa kawaida husimuliwa kama kisa cha imani ya mtu mmoja. Yakitazamwa kwa jicho la upokezi, yanaonyesha jambo jingine. Lugha ilibaki ileile, sauti ya koo ilibaki ileile, na gita halikutoweka. Kilichoondoka ni mkataba baina ya mwimbaji na msikilizaji: kwamba mwimbaji angeyasema hadharani yale ambayo msikilizaji aliyanong'ona tu. Aliyeanza kumsikiliza mwaka 1975 alipoteza mwenziwe. Aliyeanza kumsikiliza kanisani baada ya 1993 hakupoteza chochote. Huyo alimpokea mwimbaji mzima, asiye na ufa.

Ndiyo kusema mwaka 1993 ni mpaka kwa kundi moja la wasikilizaji na ni mwanzo kwa kundi jingine. Mwanahistoria anayeandika kwamba “wasikilizaji walimkataa” hana budi kueleza ni wasikilizaji wa tarehe ipi.

3. Kamaru mdogo: mpangilio wa utunzi na mpangilio wa usikilizaji

Mjukuu alizaliwa Nairobi mwaka 1997 na, kwa desturi ya Wakikuyu, akapewa jina la babu yake. Alipoanza kazi ya muziki aliziondoa irabu a mbili, akabaki na herufi nne: KMRU. Baada ya kifo cha babu, mjukuu alizichapisha upya rekodi za mzee kwa njia ya kidijitali. Kwa kitendo hicho, nyimbo za miaka ya 1960 na 1970 ziliwafikia vijana, na pia wasikilizaji wa ng'ambo wasiojua Kikuyu, zikiwa mpya kabisa masikioni mwao. Mfano huu wa kifamilia unabeba kiini cha hoja yetu: kazi ya zamani inaweza kuwa ya leo katika mpangilio wa usikilizaji.

Jambo hilohilo limetokea katika muziki wa mjukuu mwenyewe. Wengi walimfahamu Julai 2020, lebo ya Editions Mego ya Vienna ilipotoa albamu ya Peel. Ina vipande sita, na cha mwisho kinapita dakika 20. Ni muziki wa mivumo mirefu, laini, uliofumwa pamoja na sauti za mazingira. Ulitoka wakati miji mingi duniani ilikuwa imefungwa kwa sababu ya UVIKO-19, watu wakiwa ndani, mitaa ikiwa kimya. Msikilizaji wa Peel alikuwa tayari amelazimishwa kutega sikio.

Upokezi huo ulivunja matarajio ya aina fulani. Kufikia mwaka 2020 wapenzi wa muziki wa kielektroniki huko Ulaya walikuwa wameizoea Afrika Mashariki ya kasi. Lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilikuwa imewafikishia singeli ya Dar es Salaam kwa mkusanyo wa Sounds of Sisso mwaka 2017, muziki ambao mapigo yake yanaweza kupita 200 kwa dakika. Kijana wa Nairobi aliyeleta utulivu alilipanua wazo la kile ambacho muziki wa kielektroniki wa eneo hili unaweza kuwa. Lakini sifa hiyo nayo ilijenga upeo mpya. Tangu hapo KMRU akawa mtu wa utulivu, na kila kazi iliyofuata ikapimwa kwa kipimo hicho.

Mwaka 2021 lebo ya Injazero ilitoa Logue. Wengi waliipokea kama hatua iliyofuata Peel. Kumbe ulikuwa mkusanyo wa vipande alivyokwisha kuvitoa mwenyewe kati ya mwaka 2017 na 2019. Aliyesikia katika Logue msanii “anayeelekea” kwenye wepesi na midundo alikuwa anausikia mwanzo wa safari akidhani ni mwendelezo wake. Hapo mpangilio wa usikilizaji uliugeuza mpangilio wa utunzi juu chini, na msikilizaji hakuwa na kosa. Alisikia kwa tarehe aliyopewa.

Kazi zilizofuata ziliuvunja upeo wa Peel kwa nguvu zaidi. Mwaka 2022 KMRU na Mfaransa Aho Ssan walitoa Limen, kazi ya vishindo na mngurumo ambayo haimwachi msikilizaji apumzike. Mwaka 2023, baada ya kuhamia Berlin kwa masomo ya sanaa za sauti katika Universität der Künste, alitoa Dissolution Grip kwa lebo yake mwenyewe, OFNOT. Katika kazi hiyo rekodi za mazingira hazisikiki tena. Michoro ya mawimbi yake ilitumika kama nota, na sinthesaiza ikaifuata. Mwaka 2024 alitoa Disconnect pamoja na Kevin Richard Martin, ambamo sauti yake ya kuongea inasikika juu ya besi nzito, na pia Natur, kipande kimoja cha takriban dakika 52. Natur ilitokana na tofauti aliyoihisi baina ya miji miwili. Nairobi usiku una sauti za kila aina, ilhali Berlin usiku hunyamaza. Katika ukimya huo alitumia vifaa vinavyonasa mawimbi ya sumakuumeme, vikamfunulia kelele za umeme ambazo sikio tupu halizipati.

Je, sauti yake ilibadilika? Kwa msikilizaji wa Julai 2020, jibu ni ndiyo: ulaini ulitoweka, ukali ukaingia. Kwa anayefuata namna ya kufanya kazi, jibu ni tofauti. Tangu mwanzo msanii huyu amekuwa akiuliza swali moja, yaani ni nini kinachosikika mahali hapa ambacho wenyeji wake wamezoea kutokisikia. Jijini Nairobi jibu lilikuwa laini, na jijini Berlin jibu likawa la waya na chuma. Mahali ndipo palipobadilika, na sauti ikapafuata kwa uaminifu. Alipotoa albamu ya Kin mwaka 2025, akirejea Editions Mego ambayo mwanzilishi wake Peter Rehberg alifariki mwaka 2021, msikilizaji wa Peel alipewa nafasi ya kusema kwamba msanii “amerudi”. Kauli hiyo pia ina tarehe ndani yake. Hakuna anayerudi mahali isipokuwa machoni pa yule aliyemsubiri hapo.

4. Sauti zilizohifadhiwa kwa muda

Kazi inayotuhusu zaidi hapa Kigali ni Temporary Stored ya mwaka 2022. Katika kazi hiyo KMRU alitumia rekodi kutoka hifadhi ya sauti ya Jumba la Makumbusho la Kifalme la Afrika ya Kati, lililopo Tervuren karibu na Brussels. Taasisi hiyo chimbuko lake ni maonyesho ya kikoloni ya mwaka 1897. Jengo lake lilifunguliwa mwaka 1910, na baada ya ukarabati wa miaka kadhaa likafunguliwa upya Desemba 2018. Katika Temporary Stored vipande vya sauti za Kiafrika vinajitokeza kati ya mivumo ya kielektroniki, vinasikika, kisha vinafifia. Kichwa chake kinakumbusha lugha ya mabohari ya makumbusho, ambamo kitu “huhifadhiwa kwa muda”, na muda huo ukaweza kupita karne.

Msikilizaji aliyezoea ambienti kama muziki wa kupumzikia anakwama hapa. Sauti anayoisikia ni ya mtu aliyerekodiwa chini ya utawala wa kigeni, na mara nyingi jina lake halimo katika orodha. Utulivu unageuka kuwa swali: nani alikuwa anasikiliza siku ile kinasa sauti kilipowashwa, na kwa ajili ya nani?

Swali hilo lina uzito wa moja kwa moja nchini Rwanda. Ubelgiji ilitawala Ruanda-Urundi tangu mwaka 1916 hadi uhuru wa 1962, na rekodi nyingi za muziki wa nchi hii zilienda Tervuren. Katika miaka ya karibuni nakala za kidijitali za rekodi zaidi ya 4,000 zilikabidhiwa kwa upande wa Rwanda, ambako urithi wa utamaduni uko chini ya Inteko y'Umuco, taasisi iliyoundwa mwaka 2020 kwa kuunganisha makumbusho, nyaraka za taifa, maktaba na chuo cha lugha.

Tuchukue mfano wa rekodi za aina hiyo zilizofanywa na mtafiti mwingine. Mwaka 1952 Hugh Tracey alirekodi ngoma katika makao ya Mwami wa Rwanda. Kwa msikilizaji wa mwaka huo, ngoma zile zilikuwa mamlaka yenyewe ikitangaza uwepo wake, kwani Mutara III Rudahigwa alikuwa bado anatawala. Mwaka 1961 ufalme ulifutwa, na ngoma zilezile, katika kanda ileile, zikawa sauti ya utawala uliokwisha. Kijana wa Kigali anayezisikia leo kwa mara ya kwanza katika simu yake anazipokea baada ya yote hayo, baada ya 1994, na pengine baada ya kuzisikia ngoma za jukwaani zinazowapokea wageni. Rekodi haijabadilika hata sekunde moja. Upokezi umebadilika mara nyingi.

Vilevile inafaa kukumbuka kwamba usikilizaji wa karibu haukuletwa katika eneo hili na vifaa vya kielektroniki. Inanga, ala ya nyuzi inayochongwa kwa ubao kama chano, ni ya nafasi ndogo na masikio machache. Nchini Burundi upo mtindo ambao mwimbaji hunong'ona tu, na nyuzi za inanga huikopesha minong'ono hiyo sauti ya kuimba, kiasi kwamba aliye mbali hapati kitu. Mtunzi wa leo anayetumia mvumo mdogo na subira ndefu ana wazee katika ukoo huo. Kazi yake ikielezwa kwa wasikilizaji wa Rwanda kwa njia hiyo, itapokewa tofauti na ikielezwa kama mtindo uliotoka Ulaya.

5. Kigali kama jiji la usikilizaji

Kigali ni miongoni mwa miji michache ya Afrika Mashariki ambayo sauti yake imekuwa suala la sera kwa muda mrefu. Mwaka 2016 lilianza zoezi la siku isiyo na magari, na kwa saa chache barabara kuu husikika nyayo, baiskeli na mazungumzo. Mwaka 2018 makanisa zaidi ya 700 ya Kigali yalifungwa kwa sababu za usalama wa majengo, usafi na kelele, na katika wilaya ya Nyarugenge misikiti ilitakiwa kuacha vipaza sauti katika adhana. Mwaka 2023 serikali iliweka ukomo wa saa za usiku kwa kumbi za burudani, na kelele ilikuwa moja ya sababu.

Sera hizo zina faida zinazoeleweka kwa aliyewahi kukosa usingizi. Hata hivyo zote zinaitazama sauti kwa upande mmoja, yaani kama kitu cha kupunguzwa. Swali la jiji hunyamazishwa ili lisikilize nini halijaulizwa kwa uzito uleule. Uzoefu wa Natur unatufundisha kwamba ukimya wa mji hauwi mtupu. Hufunua sauti nyingine iliyokuwa imefunikwa. Jiji lililokwisha kujipatia ukimya lina mtaji ambao miji jirani haina, na rekodi zilizorejeshwa ni kitu cha kwanza kinachostahili kuwekwa ndani ya ukimya huo.

6. Hitimisho na mapendekezo

Makala imeonyesha kwamba lalamiko la msikilizaji, “msanii amebadilika”, ni ushahidi wa kihistoria kuhusu msikilizaji kama lilivyo ushahidi kuhusu msanii. Kwa Kamaru mkubwa lalamiko hilo liligawa kundi la kabla ya 1993 na la baada yake. Kwa Kamaru mdogo, Logue ilithibitisha kwamba kazi za zamani zinaweza kuingia masikioni kama mpya, na Natur ikathibitisha kwamba badiliko la sauti linaweza kuwa uaminifu kwa mahali papya. Kwa rekodi za Rwanda, hoja hiyohiyo inadai kwamba kurejeshwa kwa sauti kusihesabiwe kuwa kumekamilika pale faili zinapowasili.

Kutokana na hayo, mapendekezo matatu yanatolewa kwa watafiti na washauri wa sera.

Kwanza, kila rekodi inayofunguliwa kwa umma iambatane na tarehe yake, mahali pake, jina la mpigaji au mwimbaji pale linapopatikana, na mazingira ya kurekodiwa kwake, kwa Kinyarwanda na pia kwa Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017 na kiungo cha watafiti wa Jumuiya. Msikilizaji asiyepewa tarehe atajitungia yake.

Pili, uwekwe utaratibu wa wazi kwa wasanii wanaotaka kuzitumia rekodi hizo katika kazi mpya. Kuzifungia kutazirudisha katika “hifadhi ya muda”. Kuziachia bila masharti kutarudia kosa la mwanzo, la kuchukua sauti ya mtu bila kumuuliza. Familia na jamii zilikotoka sauti hizo ziwe na kauli kabla ya kazi kutolewa, na fungu katika mapato yake.

Tatu, fedha za urithi zitenge sehemu kwa ajili ya vikao vya usikilizaji, Kigali na vijijini, na yale yanayosemwa na wasikilizaji yarekodiwe na kuhifadhiwa pamoja na rekodi yenyewe. Mzee atakayesema katika kikao, “hivi sivyo tulivyoupiga”, atakuwa ameongeza waraka katika hifadhi ya taifa. Wazee hao hawatangoji mipango ya miaka kumi. Faili zitadumu katika seva, lakini masikio yanayokumbuka sauti ya kwanza yanapungua kila mwaka, na kazi ya kuyategea kinasa sauti ni ya kizazi hiki.